Dirii na chapeo za askari wa Kirumi kwa maboksi: rezini gani inafaa, na kwa nini hii yangu haikauki?

#1 MnadhimuPasaka
Habari zenu wakuu. Nimepewa kazi ya mavazi kwenye igizo la Njia ya Msalaba la vijana hapa parokiani kwetu, Dar. Askari wanane na akida wao. Mwaka jana tulivaa maboksi yaliyopigwa rangi ya silva, mvua ya masika ikatukuta kituo cha saba, dirii zikalegea zikaning'inia na chapeo ya akida ikamfunika macho, watu waliotakiwa kulia wakaishia kucheka. Mwaka huu nimeapa vitu viwe vigumu.

Nimekata manila na boksi jembamba kwa ramani za Pepakura (programu inayokunjua umbo liwe vipande vya karatasi), nikaunganisha na gundi, nikaenda kutafuta rezini, ile ya majimaji inayokauka ikawa ngumu kama plastiki. Duka moja wakanipimia rezini ya poliesta kwenye chupa ya maji na hadina, yaani dawa ya kuikausha, kwenye kichupa kile cha dawa ya macho, maelekezo yenyewe ni "weka kidogo tu". Nimepaka chapeo moja nje na ndani. Mpaka leo inanata, ukiishika inabaki alama ya vidole, na yale mabawa ya mashavuni yamejikunja kuelekea ndani. Sasa kuna jamaa ananiambia nihamie epoksi, rezini ya aina nyingine, mwingine anasema gundi ya mbao inatosha, mwingine anasema niachane na karatasi kabisa. Nifuate ipi? Na hii imenigomea kwa nini? Bajeti ni ya michango ya vijana kwa hiyo msinitajie vitu vya Ulaya.

#2 Mchokozi01
Nimekaa pale. Ila askari anayenata atamkamata Yesu bila hata kamba.

#3 FundiMashua_Msa
Salama mkuu. Mimi nakarabati boti za faiba huku Mombasa. "Weka kidogo tu" ndio ugonjwa wenyewe huo. Hadina ya poliesta, ile ya majimaji iliyoandikwa MEKP, inapimwa, asilimia 1 hadi 2 ya uzito wa rezini, na kwa joto hili la pwani mimi hukaa kwenye 1, nikiwa na haraka 1.5. Rezini gramu 200 kwa 1.5 unatia gramu 3, ambayo kwa bomba la sindano ni mililita mbili na nusu na kitu kidogo juu. Bomba la sindano la duka la dawa, sio kifuniko cha soda. Ukiwa chini ya 1 inaweza kukataa kabisa, ukizidisha inachemka ndani ya kopo, inatoa moshi, na kazi inapata nyufa.

Mashavu kujikunja usishangae. Poliesta ikikauka inasinyaa, kwa ujazo ni asilimia 5 mpaka 8 hivi, na karatasi haina ubavu wa kuizuia. Ungebana vijiti vya mishikaki ndani, toka shavu hili hadi lile, halafu unavikata kazi ikishakuwa ngumu.

#4 Gerezani_Boy
Kabla hamjamlaumu kwa vipimo, mkuu hiyo rezini ilikuwa na rangi gani? Mimi niko kwenye bampa na bodi za magari. Rezini nyingi ambayo imeshatiwa kobalti (kichocheo cha kuiamsha hadina) kiwandani inakuwa na upinki au uzambarau kwa mbali. Kama yako ilikuwa njano tupu inawezekana kabisa haina kobalti, na hapo hadina utamwaga mpaka uchoke, itakaa inakutazama tu. Dawa ni kutafuta kobalti kidogo unachanganya na hadina yako mambo yanaisha.

#5 Mwl_Kemia
#4 FUTA hiyo sentensi ya mwisho ndugu yangu, nasema kwa heri kabisa. Kobalti na MEKP havikutani vyenyewe kwa vyenyewe hata siku moja. Vikikutana vinaweza kulipuka au kushika moto mkononi mwako. Kobalti inaingia kwenye rezini kwanza, inakorogwa ikapotea, ndipo MEKP inafuata mwishoni. Na kwa mtu anayefanya kazi uani kwake na watoto wanapita, mimi nasema asiguse kobalti kabisa, anunue rezini iliyokwisha kutiwa.

Turudi kwenye kunata. Nyie wote mnazungumzia hadina ila mmesahau hewa. Oksijeni inazuia poliesta kukauka pale juu panapogusana na hewa. Rezini ya kujengea tabaka huachwa hivyo makusudi, uso ubaki unanata ili tabaka linalofuata lishike vizuri. Ile ya kumalizia ina nta kidogo ndani, wakati inakauka nta inapanda juu inaziba hewa isiingie. Kwa hiyo mleta uzi chukua msumari, kwaruza sehemu isiyoonekana. Ukikuta juu panata lakini chini ni mgumu, tatizo ni hewa, futa na asetoni au ipigie koti la mwisho lenye nta. Ukikuta laini mpaka kwenye karatasi, hapo FundiMashua ana haki.

#6 Mchokozi01
Mwalimu umesema kwa heri au kwa heshima? Maana ukimuaga na kobalti mkononi tunaelewa.

#7 Mwl_Kemia
Heshima. Simu hizi.

#8 Gerezani_Boy
Sawa mwalimu nimepokea, kwa kuandika nilikosea mpangilio, gereji tunatia kwenye rezini. Ila hoja ya rangi inabaki palepale.

#9 MnadhimuPasaka
Asanteni. Nimekwaruza. Sasa mnisaidie kusoma majibu: juu ya kichwa chini ya ule unato ni pagumu, msumari unateleza. Lakini kwenye maungio yote, pale nilipopaka gundi nyingi ya kuunganishia, na chini ya shingo, ni laini mpaka ndani, msumari unazama na karatasi inachanika. Rangi ya rezini ilikuwa njano njano, na kama na ukijani vile, sina uhakika maana chupa yenyewe ilikuwa ya bluu.

#10 Mchokozi01
Kwa hiyo wote mko sahihi na wote mmekosea. Endeleeni.

#11 Gerezani_Boy
Mimi naongeza la tatu: wamechakachua. Rezini ikiwa nzito kwenye pipa kuna watu wanaipunguza na tina ili ipimike haraka na ijaze chupa nyingi. Tina ile haiingii kwenye kukauka, inabaki imenasa ndani, inatoka polepole sana, ndio maana kwenye kona ambako rezini imejaa nzito panabaki laini. Rezini nzima ukinusa inachoma pua kwa harufu yake ile moja. Iliyochakachuliwa inanuka kama duka la rangi.

#12 Muscat_Kwetu
Assalaam alaykum jamaa zangu. Mimi nipo Muscat, kazi za matangi na paneli za faiba. Huku kiangazi tunafanya kazi alfajiri na usiku maana mchana rezini inaganda kwenye ndoo kabla hujachovya brashi mara mbili. Kwa hiyo joto la Dar halikuzuii kukauka, linakusaidia. Hadina lakini nayo ina uhai wake, ikikaa rafuni juani miezi inapoteza nguvu, na hicho kichupa cha matone kimejazwa kutoka wapi hujui. Unaweza kupima vizuri kabisa asilimia moja na nusu ya kitu kilichokwisha kufa.

Na mimi namtazama zaidi karatasi. Boksi linakunywa unyevu wa hewani. Sisi hata mati, ule mkeka wa nyuzi za vioo wa kuimarishia rezini, ikilala nje usiku haitumiki mpaka ikaushwe. Umepaka masika?

#13 MnadhimuPasaka
Nilipaka jioni baada ya mvua, boksi lilikuwa ndani lakini.

#14 Muscat_Kwetu
Ndani ya nyumba ya Dar, masika. Haya.

#15 MamaKwaya
Nawasalimu. Mimi ni muuguzi, na pia mwanangu ni mmoja wa hao askari wanaotarajiwa kwenye parokia nyingine hivyo hili linanihusu. Mnazungumza vipimo tu, sijaona mtu ametaja macho. Hiyo MEKP tone moja likiruka jichoni linaweza kukuondolea uwezo wa kuona, sio kuwasha, kuona. Vaeni miwani ya kufunika pembeni, na maji safi yawe karibu kabla hujafungua kichupa, likitokea unaosha papo hapo dakika 15 zisizopungua huku mwingine anatafuta usafiri. Na kuiweka kwenye kichupa cha dawa ya macho ni hatari kuliko yote mliyoandika hapo juu, mtoto au bibi akikiona kabatini atafanya nini?

#16 FundiMashua_Msa
Mama hapo umegonga. Mnadhimu kihamishe leo hii, kiandike kwa maka nene. Naongezea: ile barakoa ya kitambaa na zile nyeupe za vumbi hazizuii mvuke wa poliesta. Zinazuia vumbi wakati wa msasa, basi. Kwa mvuke unahitaji ile ya mpira yenye vichujio vya mvuke wa kemikali. Kama huna, fanya kazi nje upepo ukupige mgongoni, na usiwe na jiko linawaka karibu, kwa sababu stairini iliyomo inaanza kutoa mvuke wa kushika moto kwenye nyuzi 31 hivi, sisi mchana tunapita hapo. Mabaki kwenye kopo usitupe kwenye pipa la taka yakiwa bado ya moto. Yaache mchangani mpaka yapoe.

#17 Maskani_Nai
Niaje wasee. Mimi ni wa kosplei (kujitengenezea mavazi ya wahusika wa filamu na gemu) hapa Nairobi na nimesoma hii uzi yote nikashangaa mbona mnajitesa. Vichupa vya kupofusha, mabomba ya sindano, pipa linalowaka, kwa ajili ya kofia? Mnunue zile mikeka za foamu za watoto za kuunganisha, zile nene za milimita 10 hivi. Unakata na kisu kikali sana, unapasha na hitigani, ile mashine ya kupuliza hewa ya moto, mpaka uso unaanza kung'aa, hapo vitundu vimefungika, unaikunja kwa goti inakaa hivyo ikipoa. Unaunganisha na gundi ya viatu, unapaka pande zote mbili unangoja ikauke kidogo unabandika mara moja. Halafu unaziba na Plasti Dip, ile rangi ya mpira, kama iko, kama haiko unapiga gundi nyeupe koti kadhaa, halafu rangi. Mvua inapita juu. Dirii nzima unaibeba na kidole kimoja, na askari akianguka hakuna kinachovunjika.

#18 Gerezani_Boy
Foamu ni ndala. Askari wa Kirumi amevaa ndala kifuani.

#19 Maskani_Nai
Bumper zako nazo ni karatasi zimekwama kwa gundi, tutulie.

#20 FundiMashua_Msa
Foamu siibezi, ila isikie. Akida anapiga ngao kwa upanga kimya kinaingia uwanja mzima, halafu unasikia *puf*. Faiba inalia. Kwenye igizo la njiani ambako hakuna maiki hilo lina maana. Na msichanganye mbinu mbili, naona mtu atatoka hapa akapake poliesta juu ya foamu. Foamu inajikunja, rezini haijikunji, siku moja tu ina nyufa kila mahali.

#21 Mwl_Kemia
Na pia ile foamu nyeupe ya kufungia televisheni, poliesta inaiyeyusha mbele ya macho yako, stairini inakula polistairini. Epoksi haiyeyushi. Nataja kwa sababu najua kuna mtu atachonga chapeo kwenye ile.

#22 Mchokozi01
Nilikuwa ndio nimeanza kuchonga. Asante mwalimu.

#23 Baridi_Minnesota
Habari za nyumbani. Niko Minnesota, mambo haya nafanya chini ya nyumba wakati wa baridi, na poliesta kwangu ilishapigwa marufuku na mke kwa ajili ya harufu. Nimehamia epoksi. Haina ile harufu ya kupasua kichwa, inasinyaa kidogo sana ukilinganisha, mashavu hayajikunji, inashika karatasi na mbao vizuri kuliko poliesta na haina shida ya kunata kwa sababu ya hewa. Bei ndio mara mbili tatu. Wengi hapa kwenye kosplei ya karatasi wanapaka rezini nje, wanaweka mati ya faiba ndani, halafu wanachanganya puti ya gari na rezini ya poliesta inakuwa uji, wanaumwaga ndani ya chapeo na kuizungusha mpaka kuta zote zipate. Mimi nimebadilisha tu rezini. Mnadhimu, epoksi na mati, umemaliza.

#24 FundiMashua_Msa
Epoksi na mati ya aina gani? Hapa watu wengi hutupa pesa. Mati ile ya nyuzi fupi zilizotawanyika imeshikanishwa na kitu kama gundi ya unga, na gundi ile nyingi imetengenezwa iyeyuke kwenye stairini ya poliesta. Ndio maana ukiipaka poliesta unaiona inalegea inalala kwenye kona. Epoksi haina stairini. Mati inabaki imekakamaa, nyeupe nyeupe, inasimama kwenye kona za pua na nyusi, chini yake kuna hewa. Epoksi inataka kitambaa cha faiba kilichofumwa. Kwa umbo dogo la chapeo chukua chepesi kabisa, kizito hakikunjiki.

#25 Baridi_Minnesota
Hilo ni kweli, mimi natumia kitambaa nimekiita mati kwa mazoea. Ila kuna mati za kushonwa bila gundi.

#26 FundiMashua_Msa
Zipo. Amuulize muuza duka wa "kidogo tu".

#27 Muscat_Kwetu
Minnesota umesema epoksi haina shida na hewa. Hewa kavu ya kwenu. Pwani epoksi nyingi zinatoa utando wa mafuta mafuta juu, unyevu na kaboni dioksaidi ya hewani vinashikana na hadina yake. Ukipiga rangi juu ya utando huo rangi inabanduka kama ganda. Utando unaoshwa na maji na dodoki, unakausha, ndipo unashika msasa. Ukianza na msasa unausukumiza ndani tu.

Na epoksi haikubali mambo ya kuongeza hadina ili iwahi. Poliesta unacheza kati ya 1 na 2. Epoksi imeandikwa mbili kwa moja ni mbili kwa moja, na uangalie ni kwa uzito au kwa ujazo maana havifanani. Ukizidisha hadina unapata mpira milele.

#28 MamaKwaya
Na ngozi. Kuna watu epoksi inawafanyia mzio, anaanza na upele mdogo mikononi, akiendelea kuigusa bila glavu mwili unaikataa moja kwa moja, hawezi kuikaribia tena. Kutonuka sio kutokuwa na madhara.

#29 Baridi_Minnesota
Mama leo utatufungia karakana zote.

#30 MamaKwaya
Karakana fungueni, madirisha pia.

#31 Tarehe_Kale
Naomba kuingilia kidogo. Mmekazana na rezini lakini hakuna aliyeuliza askari wa Pilato walivaa nini. Mleta uzi bila shaka anatengeneza ile dirii ya mapande ya chuma yaliyopangana mbavuni. Ilikuwepo wakati ule, kule Kalkriese, Ujerumani, kwenye uwanja wa vita unaohusishwa na kipigo cha Warumi cha mwaka 9 BK walifukua moja karibu nzima mwaka 2018. Ila Yudea chini ya maliwali haikuwa na legioni (kikosi kikubwa cha raia wa Kirumi) ya kukaa, legioni zilikuwa Syria. Pilato alikuwa na vikosi vya wasaidizi, wengi wameandikishwa hukohuko eneo lile, Sebaste na Kaisaria. Hao kuna uwezekano mkubwa zaidi walivaa dirii za vikuku, pete za chuma zilizounganishwa. Na hizo kwenye jukwaa zinafumwa kwa uzi mnene kwa sindano kubwa, zinapigwa rangi ya silva na nyeusi kidogo juu, kwa mbali huwezi kujua. Hakuna rezini. Bibi yeyote wa kufuma vitambaa vya makochi anakutengenezea.

#32 MnadhimuPasaka
Mkuu umeleta habari nzuri wakati nimeshakata mapande ya watu wanane.

#33 Mchokozi01
Uzi wenye maana hatimaye. Uzi ndani ya uzi.

#34 Gerezani_Boy
Uzi ukilowa na mvua dirii hiyo ina kilo ngapi? Askari atatembea magoti yanagusa ardhi kabla ya Simoni Mkirene hajafika.

#35 Tarehe_Kale
Ya chuma halisi ilikuwa na kilo zaidi ya kumi. Avumilie.

#36 Mkonge_Tanga
Mnataja uzi na mimi wa Tanga nikae kimya? Badala ya mati ya faiba inayowasha mwili mzima tumieni gunia la katani au kitambaa chake. Nimeona watu wanajengea na poliesta vizuri tu, vumbi lake haliwashi kama lile la vioo. Katani tunayo sisi tangu 1893 alipoileta yule Mjerumani Hindorf, miche 62 tu ndiyo iliyofika hai, leo mnanunua vioo vya kuagiza.

#37 FundiMashua_Msa
Historia safi. Lakini katani inakunywa rezini usiombe, na inakunywa maji pia. Mati ya 450, yaani gramu 450 kwa mita moja ya mraba, inataka rezini karibu kilo moja kwa hiyo mita. Gunia litapita hapo mbali. Ushaondoa nafuu yote ya bei, na uzito umepanda. Na huyu tayari tunamshuku kwa unyevu kwenye karatasi, unamwongezea unyevu kwenye nyuzi.

#38 Mkonge_Tanga
Linakaushwa juani kwanza. Juu ya bati, mchana mmoja.

#39 Muscat_Kwetu
Masika.

#40 Wa_Buja
Amahoro wandugu, mimi niko Bujumbura, sisi hatuna pesa ya hizo rezini zote. Tunafanya na nguo ya zamani, shuka iliyochoka, tunaichovya kwenye gundi nyeupe ya mbao iliyoongezewa maji kidogo, tunalaza juu ya boksi tabaka tatu nne, kila moja ikauke. Inakuwa ngumu unaweza kugonga na ngumi. Kuna wasomi wa chuo kikuu cha Wisconsin huko Green Bay, wakina Gregory Aldrete, walitengeneza dirii za Kigiriki za zamani hivyo hivyo, kitani na gundi tabaka kwa tabaka, wakazipiga mishale, unene wa sentimita moja ukazuia. Kwa hiyo msiseme gundi ni ya watoto.

#41 Mwl_Kemia
Wa_Buja nakuunga mkono nusu. Ugumu ni kweli. Shida ni kwamba mleta uzi tatizo lake la asili ni mvua, na gundi nyeupe ya kawaida ikilowa inarudi kuwa laini. Kuna zile zilizoandikwa D3 zinavumilia maji zaidi, na juu unapiga rangi ya mafuta makoti mawili mpaka kingo na matundu ya kamba, maana maji huwa yanaingilia pale. Hapo inaweza kumtoa mchana mmoja wa Ijumaa.

Halafu mleta uzi, ile gundi ya maungio ulitumia ipi? Kama ni hii nyeupe na haikuwa imekauka sawasawa, maji yake ndiyo yaliyokaa chini ya rezini. Ndiyo maana maungio tu ndiyo laini.

#42 Baridi_Minnesota
Au ni PVA. Sisi PVA tunaipaka kwenye kalibu ili rezini ISISHIKE. Kama alipaka PVA ndio imezuia.

#43 Mwl_Kemia
Hapana, hizo ni mbili tofauti zenye herufi moja. Ya kuachia kalibu ni polivaini alkoholi, inayeyuka kwa maji. Ya mbao ni polivaini asiteti. Ya mbao haizuii rezini kukauka ikiwa kavu.

#44 MnadhimuPasaka
Ilikuwa nyeupe ya mbao. Ilikuwa kavu. Nadhani. Nilipaka gundi asubuhi.

#45 Gerezani_Boy
Asubuhi, mvua, jioni rezini. Lakini chini ya shingo hakuna gundi na kenyewe ni laini, mwalimu hapo unasemaje? Pale rezini ilitiririka ikajaa. Narudi kwa wachakachuaji wangu.

#46 FundiMashua_Msa
Au hakukoroga sawa, hadina ikabaki pembeni ya kopo. Rezini ya mwisho kwenye kopo ndiyo iliyokwenda shingoni. Korogea, kwangua kuta na kona za chini, korogea tena, na ukiweza hamishia kopo la pili.

Sasa sikiliza, achana na kuifufua hiyo chapeo. Una watu wanane wenye dirii za aina moja, unapaka karatasi nane za nini? Tengeneza kifua kimoja kwa udongo wa mfinyanzi, lainisha, chukua kalibu ya plasta, ipake polishi ya nta ya sakafu makoti ya kutosha, kila koti ling'arishwe, halafu unatoa kifua cha faiba kimoja baada ya kingine, mati mbili nyepesi za 300. Kalibu ya plasta lazima ikauke hasa, na uipige vanishi kabla ya nta. Hutapambana na karatasi tena.

#47 Maskani_Nai
Kalibu, udongo, plasta, vanishi, nta, mati, rezini. Mimi saa hizo nishamaliza askari wanane na farasi.

#48 FundiMashua_Msa
Farasi wa *puf*.

#49 MamaKwaya
Naomba niseme kama mzazi. Kwenye igizo letu askari wanasukumana, wanamvuta Yesu, anaanguka mara tatu na wao juu yake. Faiba ikivunjika ina ncha kama vioo. Nimeshona mtu mkono kwa ajili ya bampa iliyopasuka. Kwa hiyo kingo zote zikunjwe au zifungwe na ngozi ama mpira, la sivyo mimi niko na huyu kijana wa Nairobi.

#50 Gerezani_Boy
Kingo unachana mpira wa tairi la ndani la baiskeli katikati, unavika kwenye ukingo na gundi ya viatu. Ukipiga rangi ya dhahabu inakuwa pambo kabisa.

#51 Maskani_Nai
Hiyo sasa nimeiba. Shukran.

#52 Baridi_Minnesota
Na ukishamaliza usiache mavazi ya epoksi kwenye gari lililofungwa juani. Epoksi ya kukauka yenyewe bila oveni nyingi zinaanza kulegea nyuzi 50 na 60 huko. Nimeona chapeo imetoka kwenye buti na uso mwingine. Jua pia linaifanya iwe njano na unga unga, kwa hiyo rangi ni lazima.

#53 Mchokozi01
Waefeso 6 imetaja dirii, chapeo na ngao, haikutaja rezini hata moja. Paulo alijua huu uzi utafika ukurasa wa kumi.

#54 MnadhimuPasaka
Wakuu nimewasoma wote. Kwa sasa mpango wangu ni huu: kifua kwa kalibu ya FundiMashua, poliesta ya kopo lililofungwa kiwandani sio ya chupa, mabawa ya mashavu na mabega kwa foamu maana ndiyo yanayogongana, kingo za mpira wa Gerezani. Rezini iliyobaki kwenye chupa nitapaka kipande cha boksi kilichokaa juani na kingine cha hivihivi, hadina nipime kwa bomba, tuone nani alikuwa anasema kweli. Kichupa kimeshahamishwa mama. Ngao ndiyo sijaamua, nilikuwa nifanye zile za mstatili zilizopinda, kwa boksi na rezini.

#55 Tarehe_Kale
Za mstatili zilizopinda ni za legioni. Wasaidizi walibeba za bapa, za yai. Nimeshasema ni wasaidizi.

#56 FundiMashua_Msa
Kwa mara ya kwanza nakupenda. Ya bapa unakata plaiwudi ya milimita 3 na jigso, unafunga mkanda nyuma, rangi, basi. Inalia vizuri na haina kalibu.

#57 Muscat_Kwetu
Plaiwudi ya ndani au ya baharini? Ikilowa si itafunguka tabaka?

#58 Wa_Buja
Ipakwe gundi.

#59 Baridi_Minnesota
Ipakwe epoksi.

#60 Gerezani_Boy
Anzisheni uzi wa ngao, huu una askari wanane na muda ni mchache.